Mwenye Jina

Katika rejista nyingi za ofisi zetu, mjini Baraka na hata huko kwenye sekta za teritware ya Fizi, yaani Mutambala, Tanganyika, Lulenge na Ngandja, safu ya mwisho upande wa kulia ina kichwa cha Kifaransa: "Observation". Safu za kabla yake tunazijua. Namba, jina na postnomu, mume au mke, mahali na tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, kazi, asili, anwani. Hizo mtu huulizwa, akajibu, akaona kalamu ya karani ikifuata maneno yake. Safu ya mwisho haina swali. Karani huijaza mwenyewe au huiacha wazi, kisha hufunga kitabu. Humo panaweza kuandikwa "ametoka Tanzania", "mjane", "hana kadi", "hajulikani vizuri", au alama ndogo ambayo maana yake anaijua aliyeitia peke yake. Aliyeandikwa anarudi nyumbani asijue kwamba kuna neno juu yake limebaki mezani.

Tuiiteje safu hiyo kwa Kiswahili? "Uchunguzi" ni neno la polisi na la maabara. Likiwekwa juu ya majina ya raia, linawafanya wote washukiwa. "Maelezo ya ziada" ni la upole mno, linaficha kwamba kuna mtu aliyeyatoa hayo maelezo. Mimi ningeandika "Maoni ya ofisi". Hapo kila mtu anaona ni nani anayesema. Na maoni yakishaitwa maoni, mtu ana nafasi ya kuuliza ni maoni gani, yametoka wapi, na kama hayana ukweli, yaondolewe.

Haki ya kuuliza hivyo ipo. Ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo ndiyo Kanuni ya Dijitali ya Kongo, inampa mtu haki juu ya taarifa zinazomhusu: kujua kwamba zinakusanywa na kwa kazi gani, kuziona, kuzisahihisha, kupinga zisitumike, na katika hali fulani kutaka zifutwe. Imeagiza pia pawe na mamlaka ya kuzilinda. Atakayesema kwamba kanuni hiyo ni ya kompyuta, na kwamba kitabu cha kartie, yaani cha mtaa, hakina waya wala umeme, nitamrudisha kwenye Katiba ya 18 Februari 2006. Kifungu chake cha 31 kinataka maisha ya ndani ya kila mtu yaheshimiwe, na haki hiyo haikufungwa kwenye kompyuta.

Katiba hiyohiyo imekitaja Kiswahili katika kifungu cha kwanza kabisa kuwa lugha ya taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Kifungu cha 142 kinaitaka serikali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha hizo nne ndani ya siku 60 tangu sheria itangazwe. Kwa Kanuni ya Dijitali siku hizo zilitimia Mei 2023. Kwa hiyo anayetafuta maneno ya Kiswahili ya sheria hii anafanya kazi ambayo serikali ilipaswa kuwa imekwisha kuifanya, tena kwa tarehe inayojulikana.

Nianze na kitenzi, maana ndicho kinachoingia ofisini kwanza. Sikiliza watu wanaosimama mbele ya meza ya komini. "Jambo mkubwa, nimekuja kuomba cheti cha mtoto." "Naomba ile karatasi ya kupoteza kadi." Kila kitu ni kuomba. Kuomba ni adabu, na sitaki kumfundisha mtu kuingia ofisini kwa ubavu. Lakini kuomba kunampa anayeombwa uhuru wa kunyima. Akitoa, amefanya wema, na wema unatazamiwa kushukuriwa kwa kitu mkononi. Ndivyo mtoto ambaye kwa Kanuni ya Familia, iliyorekebishwa mwaka 2016, anapaswa kuandikwa bila malipo akitangazwa ndani ya siku 90, anageuka kuwa jambo la kubembelezana.

Upande wa pili kuna kudai. Huyo ni mwenye chake: mdai, mdaiwa, deni. Kwenye maandishi tumezoea kusema "kudai haki", na ni sawa. Ila masikioni mwa watu wengi huku kwetu, anayedai amekuja kugombana. Mama aliyebeba mtoto mgongoni hatamwambia karani "nakudai", hata kama sheria iko upande wake, kwa sababu kesho atamhitaji tena.

Kati ya hayo mawili Kiswahili kina njia ya tatu, nayo iko katika minyumbuliko yake. "Nimekuja kuonyeshwa nilivyoandikwa." "Nimekuja kusomewa." "Nimekuja kusahihishiwa jina." Kuonyeshwa, kusomewa, kusahihishiwa, kufutiwa: anayetenda ni ofisi, anayetendewa ni mimi, na hakuna pahali pa hisani. Kwa mtu asiyejua kusoma, kusomewa ndiyo haki yenyewe ya kuona; bila hiyo, kufunguliwa kitabu hakumsaidii kitu. Natamani vitenzi hivi viwe ndiyo majina ya haki zetu, badala ya nomino ndefu za kutafsiri kama "haki ya ufikiaji" na "haki ya upingaji", ambazo hakuna mtu wa Baraka atakayezitamka akiwa na haraka ya kuwahi soko.

Kuna tofauti nyingine ambayo lugha imeishika vizuri kuliko sheria. Tunasema "nimejiandikisha" na tunasema "nimeandikwa". Aliyejiandikisha alikwenda kwa miguu yake, akasema mwenyewe, anajua alichosema. Aliyeandikwa, mwingine amemwandika, na pengine yeye hakuwapo. Kwenye uchaguzi watu hujiandikisha. Lakini kiongozi wa nyumba kumi akipita na daftari jioni, kaya nzima inaandikwa kwa mdomo wa aliyekutwa nyumbani. Wageni waliolala wanaandikwa. Waliokimbia mapigano wakafika kijijini usiku wanaandikwa, na orodha yao inapelekwa kwa chefu, kwa komini, kwa mashirika. Sheria inawalinda wote, ila huyu wa pili ndiye anayehitaji zaidi kuonyeshwa, kwa sababu ndiye asiyejua hata kwamba yumo.

Sasa kitu chenyewe kinachoandikwa. Vijana wa ofisini wanasema "done", kwa Kifaransa. Wakenya, wenye sheria yao ya mwaka 2019, wamebaki na "data". Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ikiwa na Tume yake. Fizi ina sababu ya kulisikiliza neno la ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia, na wengi wao walitoka huku. Mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha watu kutoka Kigoma hadi Baraka, na waliorudi walishuka na maneno yao: kitambulisho, mwenyekiti wa mtaa, taarifa. Mtu wa Baraka hahitaji kuelezwa "taarifa" ni nini.

"Binafsi" ndiyo yenye shida. Neno hilo linamfanya msikilizaji afikiri juu ya mambo aliyoyaficha, yaliyo yake peke yake. Lakini yaliyomo kwenye rejista ya komini, mengi si ya kuficha. Jina la baba yangu jirani analijua. Avenyu ninayokaa inajulikana. Watoto wangu wanaonekana wakienda shule. Hata hivyo, yakishakusanywa pamoja katika mstari mmoja wa kitabu, pamoja na asili yangu na maoni ya ofisi, yanakuwa kitu kingine, na sheria inayalinda hata kama kila moja peke yake linajulikana na mtaa mzima. Ndiyo maana napendelea kusema wazi "taarifa za mtu". Taarifa yoyote ambayo ukiivuta, mwishoni unamkuta mtu fulani anayejulikana, ni taarifa ya mtu.

Na ikiwa mwishoni humkuti mtu, hiyo ni takwimu. Tofauti hii ingeokoa mengi katika ofisi zetu. Anayepanga visima anahitaji kujua kaya ni ngapi katika avenyu. Hahitaji majina ya wajane. Anayeleta chanjo anahitaji idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano. Mara nyingi akiombwa idadi, chefu hutoa orodha nzima yenye majina, kwa sababu ndiyo aliyo nayo na kuihesabu ni kazi. Nchi haijafanya sensa kamili tangu mwaka 1984, na hilo limeyapa madaftari ya kartie na ya lokalite uzito mkubwa kuliko umri wa karatasi zake. Ni haki chefu awasaidie wanaopanga maji na chanjo. Awape takwimu. Taarifa za watu zibaki zilipo.

Nafika sasa kwenye istilahi iliyonifanya niandike. Mtu ambaye taarifa ni zake, anaitwaje? Watanzania wanamwita "mhusika". Ni neno safi kisarufi, na wanasheria wanalihitaji. Lakini mhusika ni yule anayeguswa na jambo. Katika ajali, aliyegonga na aliyegongwa wote ni wahusika. Katika hadithi, mhusika ni mtu wa kubuni anayeendeshwa na mwandishi. Nikimwambia mzee wa Mutambala kwamba yeye ni mhusika wa taarifa zilizo ofisini, nimemweka pembeni ya jambo lake mwenyewe.

Kiswahili kina "mwenye". Mwenye nyumba, mwenye shamba, mwenye mtumbwi. Pale ufukweni mvuvi anaweza kukodisha mtumbwi msimu mzima, akaujaza dagaa kila usiku, na bado kila mtu anajua mwenye mtumbwi ni nani. Na neno hili huku kwetu lina ndugu mwenye heshima. Majina kama Mwenebatu na Mwenebatende yameenea Fizi, na "mwene" katika lugha nyingi za Kibantu linabeba umiliki na uongozi kwa pamoja. Kumwita raia "mwenye taarifa", au kwa ufupi "mwenye jina", kunamsimamisha mahali pake kabla hata hajafungua mdomo. Karani akijifunza kuuliza "Mwenye jina yuko wapi?" kabla ya kumsomea mtu mwingine ukurasa, sehemu kubwa ya sheria imekwisha kutekelezwa.

Na ofisi je? Sheria ya Tanzania inamtaja "mkusanyaji" na "mchakataji". Mkusanyaji anaeleza kazi ya siku ya kwanza tu: amekusanya, basi. Taabu ya rejista zetu haiko siku ya kukusanya, iko miaka inayofuata. Kitabu cha kartie mara nyingi kinalala nyumbani kwa chefu, kwa sababu ofisi hana. Panya, mvua, mtoto anayechana karatasi ya kuwashia moto, mgeni mwenye pesa anayetaka kunakili ukurasa. Kwa hiyo mimi ningemwita chefu, bugumestre na meya "watunza amana".

Amana ni kitu cha mtu kilicho mkononi mwa mwingine. Waislamu wa ufukweni wanalijua neno hili tangu madrasa. Wakristo wanalikuta katika barua ya Paulo kwa Timotheo. Wafanyabiashara wanalijua kwa pesa wanazoachiana safari ikiwa ndefu. Masharti yake hayaandikwi popote na kila mtu anayashika: uliyewekewa amana huitumii kwa mambo yako, humwonyeshi asiyehusika, humpi mwingine bila mwenyewe kujua, na mwenyewe akija kuiangalia humuulizi anaitakia nini. Masharti hayo manne ndiyo kiini cha sheria ya ulinzi wa taarifa popote ilipoandikwa. Najua neno hili lina mpaka. Amana ya kawaida mwenyewe huja akaichukua akaondoka nayo, na hakuna atakayechukua kurasa zake za etasivili, yaani sijili ya kuzaliwa, ndoa na vifo, akaenda nazo nyumbani. Ila kwa upande wa wajibu wa anayeshika kitabu, sijaona neno linalombana vizuri kuliko hili.

Sasa mwenye jina huyo, ofisi imwite nani kwa ujumla wake: raia, mwenyeji, mkaaji? Hapa lazima tutembee polepole, kwa kuwa ni Fizi. "Raia" linaacha nje Warundi waliokimbilia Lusenda tangu mwaka 2015 na wale wa Mulongwe, ambao wameandikwa katika madaftari mengi kuliko sisi. "Mwenyeji" limebeba vita. Ukilisema kilimani au bondeni, mtu hasikii habari ya anwani. Anasikia swali la nani aliyefika kwanza na nani aondoke. Watu wameuawa na vijiji kuchomwa kwa ajili ya swali hilo, na waliozikwa ni wa kila jamii. Hata neno "komini", ambalo kwingine ni la karatasi tu, lilitikisa nchi hapa. Dekreti ya Juni 2013 iliyoipa Baraka hadhi ya mji ilitaja Minembwe kuwa komini. Komini hiyo ilipozinduliwa mwishoni mwa Septemba 2020 moto uliwaka hadi Kinshasa, na mapema Oktoba Rais akalisimamisha jambo hilo.

Kwa hiyo "mkaaji". Ndilo neno ambalo watu wa mashariki ya Kongo wanalitumia kila siku: wakaaji wa Baraka, wakaaji wa Fizi. Halimuulizi mtu babu yake alizikwa wapi. Anakaa hapa, amelala hapa, jina lake limo katika kitabu cha hapa. Basi ana haki ya kuonyeshwa, kusomewa na kusahihishiwa. Mkimbizi ni mkaaji. Aliyerudi jana kutoka ng'ambo ni mkaaji. Aliyeshuka kutoka milimani kwa sababu ya risasi ni mkaaji.

Hilo linanirudisha kwenye safu ya "asili". Karatasi za Kongo zina desturi ya kumfuata mtu hadi kwenye chimbuko: kijiji, gurupema, sekta, teritware, mkoa. Desturi hiyo ni ya zamani. Dekreti ya kikoloni ya mwaka 1933 ilimfunga mtu kwenye eneo lake, asiweze kutoka kwa zaidi ya siku 30 bila pasipoti ya kuhama, na ili kumfunga mtu mahali ni lazima kwanza umwandike kuwa ni wa mahali hapo. Ukoloni ulikwisha, safu ikabaki. Rwanda, jirani yetu, waliandika kabila kwenye vitambulisho tangu miaka ya 1930, na mwaka 1994 kadi hizo zilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani afe. Baadaye waliliondoa neno hilo kwenye kadi. Mimi sioni sababu ya daftari la kartie kujua asili ya mtu. Etasivili ina sababu zake za kisheria, pamoja na zile za uraia. Nyumba kumi hana. Bukavu ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 Februari 2025, serikali ya mkoa ilihamia Uvira kwa haraka, na katika haraka ya namna hiyo hakuna anayebeba makabati. Kila safu tuliyoijaza bila lazima inabaki hapo, ikimngoja mwenye bunduki anayefuata.

Majina yetu yenyewe yanastahili tutulie nayo kidogo. Chukua Wilondja. Shuleni kwetu huandikwa kwa "dj", kama Kifaransa kilivyotuzoesha. Ng'ambo ya ziwa karani anaandika Wilonja. Mlongeca wa Kibembe, ambaye "c" yake husomwa "ch", akifika Kigoma anakuwa Mlongecha. Mmunga ana alama ya ritifaa kwenye cheti kimoja na hana kwenye kingine. Tena ofisi ya Kongo inataka jina, postnomu na prenomu, mpangilio ulioachwa na siasa ya uhalisi ya mwaka 1972, na huko kambini ukaulizwa jina lako, la baba na la babu. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu, akarudi Baraka kwa meli na kuandikwa shuleni, anaweza kuwa na karatasi tatu zenye watu watatu. Tarehe ya kuzaliwa nayo ni "karibu 1958" kwa baba na 1 Januari kwa ndugu wote, kwa kuwa mwandikaji alitaka tarehe na watu hawakuwa nayo.

Watu wa kwetu wana kitenzi cha jambo hili: wanasema wanataka "kutengeneza jina". Nimelipenda kuliko "urekebishaji wa taarifa". Jina lililoandikwa vibaya limeharibika, linatengenezwa. Ila hapa kuna tofauti ambayo mwenye jina lazima aijue asije akazungushwa. Kosa lililomo katika sijili ya etasivili, yaani cheti cha kuzaliwa, cha ndoa au cha kifo, hutengenezwa kwa hukumu ya mahakama, na hakuna karani mwenye ruhusa ya kulifuta kwa kalamu. Kosa lililomo katika daftari la kartie au orodha ya kaya halihitaji hakimu. Chefu anaweza kulitengeneza palepale mbele ya mwenye jina, akaweka tarehe na sahihi. Anayeambiwa aende mahakamani kwa ajili ya daftari la kartie amedanganywa.

Mkononi mwa mtu taarifa hizi hugeuka kuwa "pièce". Askari kwenye bariere anauliza pièce yako iko wapi. Wakenya wa enzi za mkoloni waliita kitu kama hicho "kipande", ile karatasi iliyotiwa kwenye kikopo cha chuma na kuvalishwa shingoni mwa wanaume Waafrika kuanzia mwaka 1920 hivi. Lugha mbili zilizo mbali zimekutana: mtu mzima anapunguzwa kuwa kipande, na kipande kikikosekana mtu naye hana. Sisi kipande chetu ni kadi ya mpiga kura, kwa kuwa kitambulisho cha taifa, kilichozinduliwa Juni 2023, hakijawafikia wananchi wengi. Na kadi nyingi zilizotolewa katika uandikishaji wa 2022 na 2023 zilifutika wino mapema, jina na picha vikayeyuka mfukoni. Mwenye kadi isiyosomeka analipa bariere, analipa karatasi ya kupoteza kadi, na hakuna aliyemwambia kwamba taarifa zake zingali zipo, zimeshikwa na waliomwandika, na kwamba ana haki ya kuzitaka.

Kuna maneno mawili ya kuchagua kwa uangalifu: siri na faragha. Mkaaji wa Fizi akisema "hiyo ni siri yangu" mbele ya mwenye silaha, amejitia hatarini, maana mahali pa vita siri ni mali ya adui. Faragha ni la kitabuni, wachache wanalitamka. Watu wanasema "mambo ya ndani". Nalo linatosha: mambo ya ndani ya mtu hayabandikwi ukutani. Hayasomwi kwa megafoni siku ya kugawa msaada, jina kwa jina, na sababu ya kila mmoja kuwamo kwenye orodha. Mji wa Baraka unajua kwamba jina linaweza kulindwa hadharani. Februari 2011 mahakama ya kijeshi ya kuhamahama ilikaa hapa kuhukumu ubakaji uliofanywa Fizi usiku wa Mwaka Mpya, na Luteni Kanali Kibibi Mutware akapata kifungo cha miaka 20. Sheria za Julai 2006 kuhusu ubakaji zinamtaka hakimu alinde usalama, heshima na maisha ya ndani ya aliyeumizwa, na kusikiliza kwa mlango uliofungwa huyo aliyeumizwa akiomba. Lililowezekana mahakamani linawezekana pia kwenye meza ya komini.

Nabaki na neno moja gumu, "kufuta". Sheria inamruhusu mtu, katika hali fulani, kutaka taarifa zake zifutwe, na maoni ya ofisi yasiyo na msingi ningependa yafutwe leo. Lakini Fizi ina majina ambayo tunaomba yasifutwe kamwe. Huko Makobola, siku za mwisho za 1998 na za kwanza za 1999, watu waliuawa kwa mamia, na Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka Oktoba 2010, iliyaandika mauaji hayo. Kwa familia za pale orodha ya waliokufa ni ushahidi, na asiyekuwamo katika orodha ni kama hakuishi. Kwa hiyo tusifundishe "haki ya kufuta" kana kwamba usahaulifu ni wema wakati wote. Tuseme "kufutiwa", kwa ombi la mwenye jina au kwa amri ya sheria. Ofisi inayochoma madaftari ya zamani kwa sababu kabati limejaa haijamfutia mtu; imempotezea.

Kuhusu ridhaa nitasema kidogo. Kidole kilichotiwa wino na mtu mwenye njaa, akiwa kwenye foleni, juu ya karatasi ya Kifaransa asiyoisoma, hakistahili kuitwa ridhaa. Kiitwe alama ya kidole.

Haya maneno siyaleti ili yashinde ya Dodoma au ya Nairobi. Tangu mwaka 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya imekipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi. Tutakaa meza moja na wenye "taarifa binafsi" na wenye "data", na ni vema tukae tukiwa na letu la kusema. Meya wa Baraka na wakuu wa sekta nne wanaweza kuanza bila kungoja Kinshasa: kubandika mlangoni, kwa Kiswahili cha hapa, kwamba mkaaji ana haki ya kuonyeshwa, kusomewa na kutengenezewa jina bure; kuondoa asili kwenye daftari la kartie; kutoa takwimu pale takwimu inapotosha. Nanyi wa redio za hapa, walimu, makatekista na maimamu, ombeni tafsiri ya Kanuni ya Dijitali, na ikikawia someni vifungu vyake vya taarifa za watu kwa maneno yanayoeleweka, sura baada ya sura, kabla watu hawajapangwa foleni tena kuandikwa kwa ajili ya uchaguzi wa 2028.